Mpira wa Aliyepanda Zaidi

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, kabla Kasimu, niliyesoma naye, hajawasimulia kwa namna yake. Nilipokuwa darasa la tano nilifeli mtihani wa hisabati kwa makusudi. Sikufeli kwa kuumwa, wala kwa kutosoma, wala kwa kufuatana na marafiki wabaya, maana rafiki mbaya wa kijiji kizima nilikuwa mimi. Nilikaa kwenye dawati langu, nikalisoma kila swali, nikalifanyia hesabu pembeni kwa ncha ya kidole, nikalijua jibu lake, halafu nikatia alama kwenye jibu jingine. Maswali yalikuwa hamsini. Nilitoka na sufuri safi, ya mviringo, kama yai la kuku wa kienyeji.

Nilikuwa nimekwisha kulizika jambo hili. Sasa niko kidato cha tatu, nina ndevu saba ambazo nazijua kwa majina, na mwezi uliopita shuleni kwetu kulikuwa na siku ya zawadi. Mimi kama kawaida yangu nilikuwa miongoni mwa wapiga makofi. Walipomaliza kuwatuza wenye akili, nilitoka nje ya geti kwa mama mmoja anayeuza mihogo ya kukaanga. Akakipasua kipande, akakimwagia ukwaju wa pilipili, na ule ukali ukanipanda puani. Hapo matako yangu yakajikaza yenyewe. Kichwa kilikuwa bado hakijakumbuka lolote, ila matako yalikumbuka kila kitu.

Sababu ni kwamba utoto wangu mzima uliendeshwa na mti mmoja. Shule yetu ya msingi ilikuwa kati ya Msambweni na Bodo, mahali ambapo maji yakipwa, harufu ya matope ya mikoko huingia darasani na kukaa nanyi mpaka kengele. Nyuma ya vyoo palikuwa na mkwaju mkubwa. Mama yangu aliokota ukwaju wake, akauroweka, akautwangia pilipili, akawauzia watoto pamoja na mihogo aliyoikaanga nje ya seng'enge ya shule. Na mwalimu wetu wa hisabati alizipata bakora zake kwenye matawi ya mti huohuo. Kwa hiyo mkwaju ulitulisha saa nne na ukatupiga saa tano, na mimi mtoto wa muuza mihogo nilikuwa na hisa pande zote mbili.

Mwalimu huyo tulimwita Mwalimu Mkwaju. Jina lake halisi naliacha, ana watoto. Alikuwa mtu wa bara, Kiswahili chake kilikwenda mbio kikaruka ruka maneno kama mtu anayevuka dimbwi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililotuchanganya. Jumamosi alikuja kutufundisha bila kuombwa. Zawadi za mwisho wa muhula alizifunga kwa mikono yake mwenyewe, na utepe, na kona zimekunjwa sawasawa. Ila aliamini kwamba mtoto ni kama ngoma, usipompiga hatoi sauti, na sisi tulitoa sauti nyingi sana.

Sheria yake ilikuwa nyepesi kukumbuka. Kila alama moja uliyoshuka, kiboko kimoja, naye wa mwisho ana vyake hata asiposhuka. Fimbo unaikata wewe mwenyewe. Ukileta nyembamba, hesabu inaongezwa mara mbili. Matawi ya chini ya mkwaju yalikuwa yamekwisha zamani, yamevunjikia migongoni mwetu, kwa hiyo mtu alilazimika kupanda juu ili kuipata fimbo yake halali. Na kwa kuwa kuchapana kulifanyika kipindi cha hisabati, darasa zima lilihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, ili kipindi kisipotee bure. Nilijua kuhesabu hadi ishirini kwa migongo ya watu kabla sijaelewa vizuri ishirini ni nini.

Sasa siku ya kwanza ya muhula wa kwanza, mwalimu huyo alisimama mbele ya paredi na mpira. Ulikuwa mpira wa ngozi wa kweli, mweupe na mweusi, umetolewa na hoteli moja ya huko Galu, ukiwa na pampu yake. Sisi tulikuwa tukicheza na furushi la mifuko ya plastiki lililofungwa kwa kamba ya katani, ambalo likilowa lina uzito wa mtoto mchanga. Mwalimu akaunusa ule mpira mbele yetu kwanza, nadhani bila kujua kwamba anaunusa. Akatangaza kwamba hautakuwa wa nambari moja, kwa kuwa nambari moja ana zawadi zake. Utakuwa wa mwanafunzi atakayepanda zaidi kutoka mtihani wa muhula wa kwanza hadi mtihani wa muhula wa pili. Kisha akautia ndani ya wavu, akautundika kwenye dirisha la ofisi ya walimu, na ukakaa pale ukitutazama.

Nilifikiri wiki nzima. Darasa letu lilikuwa na watu arobaini na sita, na mimi nilikuwa wa tisa. Mtu wa tisa anaweza kupanda ngazi nane tu, hata akifanya muujiza. Lakini Kasimu, aliyekuwa wa mwisho tangu darasa la kwanza, na aliyekuwa mkubwa kuliko sote kwa mwili kwa sababu alirudia rudia, huyo alikuwa na ngazi arobaini na tano mbele yake. Kasimu alikuwa tajiri na mwenyewe hajui. Nikaona kwamba walimu wamekosea kidogo katika maagizo yao, na kosa hilo ni mimi peke yangu niliyeligundua: anayetaka kupanda sana lazima kwanza atafute pa kushuka. Nilijiona nina akili mpaka nikaona haya kuwatazama wenzangu usoni.

Basi nikashuka. Hisabati sufuri, na masomo mengine nikayaharibu kwa kadiri. Majina yalipobandikwa, wa arobaini na sita nilikuwa mimi, na Kasimu akawa wa arobaini na tano.

Mtihani wa kabla ya hapo hisabati nilikuwa nimepata thelathini na nne. Mwalimu akaitoa sufuri katika thelathini na nne ubaoni, kwa chaki, ili pasiwe na shaka, na jibu likabaki palepale thelathini na nne. Nikatumwa kwenye mkwaju. Nilipanda, nikakata, nikarudi, nikalala juu ya dawati la mbele. Kile kiboko cha kwanza nilikipokea kishujaa. Cha pili nikakipokea kwa heshima. Kuanzia cha tatu sikuwa tena mtu wa kupokea, nilikuwa samaki juu ya mawe. Wenzangu walihesabu kwa bidii, wengine walikuwa na furaha ya wazi kabisa, na kwenye kumi na mbili fimbo ikavunjika, kipande kikaruka kikamgonga Mwanakombo aliyekuwa nambari moja. Mwanakombo hakulia. Alikiokota akakitia ndani ya dawati kama ushahidi. Viboko vilivyobaki vilikatwa mafungu mawili, vya kesho na vya kesho kutwa, kama dozi ya dawa.

Mama alikuwa nje ya seng'enge na karai lake. Alisikia hesabu yote, siku zote tatu. Nilitoka siku ya kwanza nikitembea kama bata. Mama alinipa kipande cha muhogo, akasahau kukitia ukwaju, au hakusahau. Baba, aliyekuwa askari wa lango kwenye hoteli na kuja nyumbani Ijumaa kwa Ijumaa, yeye alinipiga kwa mkanda wa kazini, na kwa muda alama ya chuma chake cha kufungia ilionekana pajani mwangu kama muhuri wa serikali. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na maoni yake. Alisema mtoto hatoki wa tisa akaenda wa mwisho hivihivi, huyu amepandwa na kitu. Akanikalisha juu ya kigoda, akanifunika blanketi pamoja na chetezo cha ubani mpaka nikatapika, akaniogesha maji ya majani asubuhi tatu mfululizo. Niliyavumilia yote. Usiku nililala kifudifudi nikiuona ule mpira.

Kitu pekee kilichonitia wasiwasi ni karatasi ya mtihani. Sikutaka ikae nyumbani. Mama alifungia mihogo kwa karatasi za mitihani ya zamani, watoto walimletea marundo wakapewa kipande, na hivyo Msambweni nzima imewahi kulamba mafuta juu ya makosa ya watu. Nikaichomeka ile sufuri yangu katikati ya rundo lake, nikiamini kwamba itaondoka na muhogo wa mtu, itupwe njiani, iliwe na mbuzi. Kwa muda mrefu niliamini kwamba hivyo ndivyo ilivyokwenda.

Kuna jambo sikulitazamia, nalo ni Kasimu kunipenda. Muhula ule, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Kasimu hakupigwa. Alikuwa hakushuka, wala hakuwa wa mwisho. Alikuwa amepanda ngazi moja, na Mwalimu Mkwaju alimpa mkono mbele ya darasa. Mchana ule alinifuata chini ya ukuta, akakaa karibu yangu, akanipa mabungo matatu mabivu ya mwituni na kuniambia kwamba hajawahi kuona rafiki wa namna hii. Alidhani nimeichukua nafasi yake ya mwisho kwa huruma. Nikaona kumwambia ukweli ni kupoteza mabungo. Muhula mzima wa pili Kasimu alinibebea ndoo ya maji, alimpiga kila aliyeniita Sufuri, na alipiga vizuri, bila kuchagua, hata waliokuwa wananiita kwa jina langu lakini kwa sura ambayo hakuipenda.

Mimi muhula huo nilisoma. Nilisoma kwa ubaya, kama mtu anayenoa panga. Asubuhi nilimkatia Mama mihogo na kuhesabu vipande, njiani nikazidisha, kwenye mchanga nikagawanya, na kila nilipochoka nilipita mbele ya dirisha la ofisi. Mtihani ulipokuja, niliufanya kama mtu anayedai chake. Majina yakabandikwa, Mwanakombo wa kwanza, mimi wa pili. Hisabati sote wawili tulipata arobaini na saba. Ngazi arobaini na nne. Nilisimama mbele ya karatasi ile nikatazama kulia na kushoto nione ni nani atakayenibeba juu.

Sasa hapa ndipo nilipojifunza watu. Mama aliponiona nikija mbio, alisema alhamdulillah, akaendelea kugeuza mihogo. Bibi alitangaza mtaa mzima kwamba alisema, mtoto alipandwa, yeye akamshusha, na wenye watoto wagumu waje. Baba alisema ni kazi ya mkanda wake. Mwalimu Mkwaju alitazama zile arobaini na saba mbili, akanitazama mimi, akamtazama Mwanakombo, akauliza nani alikaa nyuma ya nani. Hapana hata mtu mmoja, kuanzia Bodo mpaka Msambweni, aliyefikiri kwamba huenda kile kichwa kilikuwa changu.

Na Kasimu alikuwa wa arobaini na sita tena. Alipata viboko vyake, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliohesabu, kwa sababu usipohesabu unaunganishwa na anayechapwa. Sauti yangu aliitambua. Jioni alinisubiri kisimani. Hakusema maneno mengi, Kasimu hakuwa mtu wa maneno, alisema tu kwamba nilimpa nafasi kisha nikamnyang'anya, na kwamba afadhali nisingempa. Halafu akanipiga kichwa cha mdomo. Nilianguka juu ya ndoo, akanivuta mguu, akanikalia kifuani, akanipiga tena na tena kwa mkono wazi kama mtu anayeponda pweza. Nilimng'ata mkono mpaka nikaisikia ladha ya chumvi na chuma. Akina mama waliokuja kuteka maji walitutenganisha kwa kutumwagia. Jino langu moja la mbele lilibaki pale kisimani, na mpaka leo nikicheka utaona mlango aliouacha Kasimu.

Asubuhi yake alikwenda ofisini. Akamwambia Mwalimu Mkwaju kwamba yeye Kasimu, kwa macho yake, aliniona nikinakili kwa Mwanakombo. Mwanakombo alipoulizwa alisema hajui, yeye alikuwa akifanya mtihani, hakuwa akitazama nyuma. Ulikuwa ukweli mtupu, na haukunisaidia hata kidogo. Lakini mimi sikuambiwa kitu. Mwalimu aliniacha nisubiri siku ya zawadi kama wengine.

Kwetu siku ya zawadi si ya walimu peke yao. Mtoto akiitwa mbele, mama yake hutoka alipo, akaja mbio na vigelegele, akamfunga leso mpya mabegani mbele ya watu wote. Huko ndiko kutuzwa. Kile anachopewa na mwalimu ni kitu tu, kitachakaa, lakini leso ya mama watu wataitaja mpaka harusini. Mimi nilikuwa sijawahi kufungwa leso. Siku tatu kabla, nilipokuwa nikitafuta sukari ya kuiba ndani ya sanduku la Mama, nilikuta doti mpya ya leso, nyekundu yenye korosho nyeupe pembeni, bado ina harufu ile ya wanga na rangi. Maneno yake yalisema: MTASEMA MTACHOKA WANGU NI WANGU. Nikaifunika vizuri. Hata sukari sikuiba, kwa heshima.

Siku yenyewe paliwekwa hema, spika mbili za kukodisha, viti vya plastiki kwa wageni na madawati kwa wazazi. Mgeni wa heshima alitoka hoteli ile ya Galu, mwanamume mpole mwenye shati la maua, aliyepewa dafu akalishika kwa mikono miwili hafla nzima bila kulinywa. Waliitwa wa kwanza wa kila darasa. Mwanakombo akapewa kamusi na beseni la kijani lililojaa madaftari, mama yake akaja kwa kishindo, leso mbili juu ya nyingine. Mimi nilikuwa nimesimama tayari muda wote.

Mwalimu Mkwaju akaushika ule mpira kwa mkono wa kushoto, akasema sasa tunafika kwa aliyepanda zaidi. Akalitaja jina langu. Nilikimbia. Nilisikia nyuma yangu kigelegele cha Mama kikianza, kirefu, na watu wakigeuka. Nilipofika mbele nikanyoosha mikono, na mwalimu hakunipa kitu. Akakigeukia kipaza sauti akawauliza wazazi kama wanajua kwamba kuna njia mbili za kupanda. Yuko anayepanda ngazi, na yuko anayepanda ukuta.

"Mwizi naye hupanda," akasema. "Tena hupanda haraka."

Akaeleza yote, arobaini na saba mbili, dawati la nyuma, shahidi. Akasema shule hii haitoi tuzo kwa wizi, na kwamba leo atanituza kile ninachostahili, wazazi wakiona, ili liwe somo. Fimbo ilikuwa tayari nyuma ya meza ya zawadi, imemenywa maganda, nyeupe. Mara hii alikuwa ameikata mwenyewe. Akauweka mpira mezani, akanishika shingo, akanilaza juu ya meza ileile, uso wangu katikati ya karatasi za utepe, na kile cha kwanza kikashuka kikiwa na sauti yake kwenye spika mbili. Cha pili. Mgeni wa heshima alisimama, akasema tafadhali, akakaa. Cha tatu. Wenzangu, kwa mazoea, walikuwa wameanza kuhesabu.

Cha nne hakikunifikia. Nilipogeuza kichwa nilimwona Mama ameikamata ile fimbo hewani kwa kiganja kitupu. Mkono wa pili alikuwa na kile kijiko chake kikubwa cha matundu cha kukaangia, kingali kinadondosha mafuta. Mwalimu alivuta, Mama akavuta. Alimwambia kwa sauti ya chini, nami nilikuwa karibu nikasikia, kwamba mwalimu, shikamoo, muachilie mtoto. Alimwamkia kweli, katikati ya yale. Mwalimu akamwambia mama toka, hii ni shule. Akamsukuma. Mama akaanguka juu ya meza, beseni moja likapasuka, kamusi zikamwagika mchangani, na alipoinuka alimpiga mwalimu kijiko cha uso. Kilitoa mlio kama kengele ya shule. Damu ikatoka kwenye mdomo wa juu, ikafuata kidevu, ikaingia kwenye tai.

Baada ya hapo siwezi kusema nani alimpiga nani. Naibu wa mwalimu mkuu alimshika Mama mikono kwa nyuma. Bibi yangu, ambaye siku zote alisema magoti yamekufa, aliruka dawati. Mama yake Mwanakombo alivua kandambili. Mwanamume mmoja aliyekuja kuamua akapigwa na pande zote mbili akaondoka analia. Spika moja ilianguka ikawa inapiga mbinja. Mpira ulidondoka kutoka mezani, ukadunda mara moja, ukaja ukapita mbele ya pua yangu polepole, nikanyoosha mkono, na mtu akaukanyaga mkono ule.

Mwalimu mkuu ndiye aliyepiga kelele mpaka pakanyamaza. Watu walisimama wakihema. Mama nguo yake ilikuwa imechanika begani, kiganja chake kimevimba mstari mwekundu. Akasema kama mtoto ni mwizi, aulizwe. Hapahapa, mbele ya watu, aulizwe swali lolote.

Mwalimu Mkwaju alijifuta mdomo. Nadhani alitaka kuwa mtu wa haki, maana hakuchagua gumu. Aliinama mpaka uso wake ukawa mbele ya wangu, nikaiona damu katikati ya meno yake.

"Nane mara sita ngapi?"

Nalijua swali hilo kuliko jina langu. Kila asubuhi Mama alimenya mihogo minane, na mimi nikaikata kila mmoja vipande sita. Lilikuwamo hata kwenye ule mtihani wa sufuri, swali la kumi na saba, lenye mihogo yake na vipande vyake, utadhani aliyelitunga alikula kwetu. Lakini siku ya sufuri nilikuwa nimejizoeza kukosa. Nililijua jibu, nikalikimbia, nikachagua lile la kujumlisha badala ya kuzidisha. Na sasa, mdomo una pengo, mkono umekanyagwa, kijiji kizima kinanitazama, jibu lililotoka lilikuwa lile nililolizoeza kutoka.

"Kumi na nne," nikasema.

Kicheko kilianza kwa wanafunzi kikaenda kwa wazazi. Hakikuwa kicheko kibaya sana, wengine walikuwa wanacheka kwa sababu wamechoka kupigana. Hata mgeni wa heshima alicheka, dafu likamwagika. Kasimu peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama kwenye nguzo ya hema, ananitazama kama mtu aliyefanya hesabu jibu likamtoka kubwa kuliko alivyotaka. Mwalimu Mkwaju alinyoosha mikono yake kwa wazazi, basi, mmesikia wenyewe.

Mama alisubiri wamalize. Akaenda penye karai lake nje ya hema, akachukua kifurushi chake, akakifungua. Akaikunjua ile leso nyekundu, akaitikisa mara moja, akaja mbele katikati ya kicheko, akanifunga mabegani. Alifunga fundo mara mbili. Hakupiga kigelegele, na hakuna aliyempigia. Kicheko kikapungua pungua kikabaki cha watoto wadogo wasiojua linaloendelea. Akaniambia twende.

Ule mpira ulirudishwa ofisini kwa uchunguzi. Walimu waliuchunguza kila Ijumaa jioni uwanjani, kwa viatu, mpaka ukatoboka.

Tulipitia nyuma ya vyoo, kwa kuwa ndiyo njia ya kwetu. Mama alitangulia, mimi nyuma yake na leso inayoburura chini, nikijiuliza kama kweli mtu huyu amekwisha kunisadiki au ameona haya tu kurudi nyumbani na leso haijatumika. Chini ya mkwaju alisimama. Akatia mkono kifuani akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ina doa la mafuta kubwa kama kiganja. Akaikunjua mbele ya uso wangu. Ilikuwa sufuri yangu. Na hivi ndivyo alivyosema, sikupunguza wala sikuongeza:

"Mjinga akibahatisha maswali hamsini, hata kumi atapata. Wewe umekosa hamsini zote, na mtu hawezi kukosa hamsini zote bila kuzijua zote. Nililiona hilo siku ileile, na muhogo wa mtu mkononi, nikashindwa kuufunga. Leso hii niliinunua wiki ile ya sufuri, hujapanda popote. Viboko thelathini na vinne nilivihesabu nikanyamaza, nikasema ngoja niuone mwisho wa ujanja wake. Nimeuona, na mbele za watu nimekutuza. Nane mara sita ni arobaini na nane. Haya, wewe uliyepanda zaidi, panda mkwaju huo unikatie fimbo, na isiwe nyembamba."